Benki Ikinyamaza: Hotuba kwa Wanaotuma Pesa kwa Programu

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naona vijana wa programu wamekaa mbele, na wahasibu wamejipanga nyuma karibu na mlango, kama watu waliokuja kulinda vitabu vyao visiharibiwe. Wahasibu, sogeeni mbele, tafadhali. Nusu ya nitakayosema ni kazi yenu ya kila siku, na vijana hawa wataihitaji kuliko wanavyodhani.

Nimeombwa nizungumzie namna programu inavyoiagiza benki ihamishe pesa kupitia API, yaani mlango ambao programu moja hutumia kuzungumza na nyingine: mishahara, malipo ya wauzaji, mikopo ya SACCO, bila mtu kukaa mbele ya skrini akiingiza jina moja baada ya jingine. Mwanzo wa kazi hii ni mwepesi, kwa hiyo nitaupita mbio. Benki hukupa anwani, funguo zako, na kitabu cha maelezo. Programu yako huonyesha funguo na kupewa tokeni, yaani kibali cha muda mfupi. Kwenye Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, tokeni huishi sekunde 3,600, saa moja kamili. Kisha huandaa ombi: akaunti inayotoa, akaunti inayopokea, benki yake, kiasi, sarafu, na namba ya kumbukumbu. Wengine hutaka na sahihi juu yake. Jenga, API ya benki ya Equity, kwa mfano, hudai uunganishe vipengele fulani vya ombi na kuvitia sahihi kwa ufunguo wako wa siri, ili mtu akichezea tarakimu njiani ombi likataliwe. Basi, unatuma. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika haya yote kwa siku moja, yakafanya kazi, akapigiwa makofi.

Mimi nataka tukae kwenye zile sekunde chache baada ya kutuma.

Chukulieni programu ya mishahara ya kampuni ya kusafirisha mizigo hapa Mombasa. Imetuma ombi la shilingi 48,000 kwa dereva mmoja. Imesubiri sekunde thelathini. Jibu halikuja, laini imekatika. Dereva amelipwa au hajalipwa?

Huenda ombi halikufika benki kabisa. Huenda lilifika, benki ikalipa, na jibu ndilo lililopotea likirudi. Au lilifika na limekaa kwenye foleni ya benki, na pesa zitatoka baada ya dakika kumi, wakati wewe umeshafunga kompyuta na kwenda kula. Mambo haya ni tofauti kabisa, lakini ukiyatazama kutoka upande wako yana sura moja: kimya. Programu nyingi zinazoandikwa zina nafasi ya majibu mawili tu, imefaulu au imeshindwa. Kimya kikiingia, mwandishi hukisukuma kwenye kapu la "imeshindwa", na programu, kwa bidii yake yote, hutuma tena. Kama ukweli ulikuwa huo wa pili au wa tatu, dereva atapata shilingi 96,000, na kesho yake atakuwa ameshalipa karo.

Kuna mtu atasema tatizo ni mtandao mbovu, tutafute laini nzuri. Laini nzuri inapunguza matukio, haiondoi shaka. Jambo hili lilishathibitishwa kimahesabu na kuchapishwa mwaka 1975, na mwaka 1978 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aitwaye Jim Gray akalipa jina linalojulikana hadi leo, tatizo la majemadari wawili. Majemadari wawili wa jeshi moja wamepiga kambi juu ya vilima viwili, adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja wanashinda. Akishambulia mmoja peke yake anaangamia. Wa kwanza anatuma mjumbe: tushambulie alfajiri. Mjumbe lazima apite bondeni, na anaweza kukamatwa. Akifika, yule wa pili anamtuma arudi na jibu: nimekubali. Lakini huyu wa pili sasa hajui kama jibu lake limefika, kwa hiyo anahitaji jibu la jibu. Na aliyelipeleka jibu la jibu naye anataka kujua limefika. Hata watume wajumbe elfu, daima aliyetuma wa mwisho atabaki gizani. Hakuna idadi ya ujumbe inayomaliza shaka hiyo.

Gray huyo ndiye aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1998 kwa kazi yake juu ya miamala na hifadhidata, misingi ambayo kila benki inasimama juu yake leo. Januari 2007 alitoka San Francisco na mashua yake, peke yake, kuelekea visiwa vya Farallon, na hakuonekana tena. Marafiki zake walipanga picha za satelaiti kuitafuta ile mashua, wasiipate.

Turudi kwenye mishahara. Kama shaka haiondoki, tunachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba kutuma mara mbili hakuleti madhara. Njia yake ni ya zamani na kila mhasibu anaijua kutoka kwenye vitabu vya risiti: kila malipo yapewe namba yake, namba isiyorudiwa, na namba hiyo itoke kwako, iandikwe kwako, kabla ombi halijatoka mlangoni. Benki ikipokea ombi lenye namba iliyokwisha kuiona, hailipi tena. Inakurudishia matokeo ya lile la kwanza. Kampuni za malipo wanayo, Stripe na PayPal, na katika toleo jipya la ombi la B2C la Daraja, yaani la biashara kumlipa mtu, unatuma namba yako mwenyewe ya kutambulisha ombi. Benki ambayo API yake haina kitu hiki, ulizeni kwa maandishi: mkipokea kumbukumbu ileile mara mbili, mnafanya nini? Jibu lao ndilo litakaloamua programu yenu iandikwe vipi.

Hapo penye "kabla" ndipo ninapoomba mnisikilize vizuri. Zamani dukani watu walibandika ukutani: mali bila daftari huisha bila habari. Programu inayotuma kwanza na kuandika baadaye ina ufa katikati. Umeme ukikatika baada ya kutuma na kabla ya kuandika, pesa zimetoka na daftari lako halina habari nazo. Programu ikiamka itaona malipo yale hayajafanyika, na itayafanya. Andika kwanza kwenye hifadhidata: malipo haya, namba hii, kiasi hiki, hali yake "yanatumwa". Hifadhi. Ndipo utume. Umeme ukikatika sasa, ukiamka utakuta mstari unaosema "yanatumwa", na utajua pa kuanzia kuuliza.

Nimesoma programu nyingi za watu wengine, na makosa kwenye namba hii yanajirudia. La kwanza ni kutengeneza namba mpya kila jaribio. Mwandishi ameweka kitanzi cha kurudia mara tatu, na ndani ya kitanzi ndimo anamotengeneza namba. Kwa benki, hayo ni malipo matatu halali ya mtu mmoja. Namba ni ya nia ya kulipa. Majaribio yanaweza kuwa mia, nia ni moja. La pili ni kinyume chake: namba inatengenezwa kwa kuunganisha akaunti, kiasi na tarehe. Inaonekana werevu, mpaka kibarua afanye zamu mbili siku moja kwa ujira uleule. Malipo ya zamu ya pili yatakataliwa kama marudio, na kibarua atakuja kusimama mlangoni kwa mhasibu, si kwako.

Halafu kuna urefu. Vijana wengi hutumia UUID, namba ndefu ya kipekee inayotengenezwa na kompyuta, na ni chaguo zuri. UUID ikiandikwa na vistari vyake ina herufi 36. Sasa, katika ujumbe wa malipo wa ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha benki, nafasi ya kumbukumbu inayosafiri kutoka mwanzo hadi mwisho ni herufi 35. Herufi moja! Na katika MT103, ule ujumbe wa zamani wa SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hupelekeana maagizo, kumbukumbu ya mtumaji ilikuwa na herufi 16 tu. Mfumo mmoja njiani ukikata mkia wa namba yako kimya kimya, namba uliyotuma na ile itakayorudi kwenye taarifa ya benki hazitafanana, na usuluhishi wa hesabu utakuwa kazi ya macho na rula. Ondoeni vistari, zibaki 32. Na kabla ya kuchagua muundo wa namba, ulizeni njia nzima inaruhusu herufi ngapi, maana lango la kwanza likikubali 36 bado hujui la tatu litafanya nini.

Mwulize pia mwenye API namba zako anazikumbuka kwa muda gani. Stripe, kwa mfano, wanasema wazi kwamba namba inaweza kufutwa ikishapita saa 24. Malipo yaliyonyamaza Ijumaa jioni, mtu akayarudia Jumatatu asubuhi kwa namba ileile akijiona salama, yanaweza kuwa malipo mapya. Kurudia kutuma ni dawa ya dakika na saa. Zikipita siku, dawa ni kuuliza: karibu kila API ya malipo ina ombi la kuuliza hali ya muamala. Ulizeni. Na jibu la kuuliza likiwa "muamala haujulikani", subirini, ulizeni tena, kwa sababu huenda ombi lenu bado liko kwenye foleni ambayo sehemu ya kujibu maswali haijaiona.

Sasa tuseme benki haikunyamaza. Imejibu, tena vizuri: msimbo 0, ombi limepokelewa. Hapa ndipo wengi huandika "amelipwa" kwenye daftari na kumtumia mfanyakazi ujumbe wa pongezi. Someni tena jibu. Limesema ombi limepokelewa. Kwenye Daraja, jibu hilo la kwanza linakupa namba ya mazungumzo tu. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani yako ya mrejesho, na ndiyo yatakayokuambia kama pesa zimetoka au salio la kampuni lilikuwa halitoshi. Kati ya hayo mawili kuna muda, na ndani ya muda huo hali ya malipo ina jina lake: yamepokelewa.

Muda huo unategemea umepita njia gani. RTGS ya Kenya, yaani mfumo wa malipo makubwa kati ya benki uitwao KEPSS, unaoendeshwa na Benki Kuu tangu 2005, husuluhisha kila malipo peke yake, na yakishasuluhishwa yamekwisha. Hakuna kuyavuta nyuma, labda umbembeleze aliyepokea. EFT, malipo ya kielektroniki ya kawaida kati ya benki, hukusanywa kwa mafungu na kupitia chumba cha usuluhishi cha Chama cha Mabenki, na tangu 2009 malipo ya kuanzia shilingi milioni moja hayapiti huko, yanakwenda RTGS. PesaLink, mfumo wa mabenki ulioanza 2017, ni ya papo hapo usiku na mchana, kwa viwango vya chini ya milioni moja. Mtu akikuambia "tuma kwa benki" hajakuambia kitu bado. Swali la kwanza ni njia ipi, maana kwenye EFT malipo uliyoyaona yametoka yanaweza kurudi baadaye: akaunti ilifungwa, namba haikuwa ya mtu. Wamarekani wenye mfumo wao wa ACH wameyapa marejesho haya misimbo kabisa, R01 kwa salio lisilotosha, R03 kwa akaunti isiyopatikana, na kuendelea. Kwa hiyo hata "yamelipwa" inaweza kugeuka "yamerudishwa", na daftari lako lisiwe na mlango uliopigwa misumari baada ya "yamelipwa".

Kuhusu mrejesho nina neno fupi. Ile anwani uliyoifungua ili benki ikupigie hodi, iko wazi mtandaoni, na yeyote akiijua anaweza kubisha hodi akisema yeye ni benki. Mrejesho uchukueni kama fununu. Ukiambiwa muamala fulani umefaulu, thibitisha anakotoka mleta habari, na kiasi kikiwa kikubwa, nenda ukaulize mwenyewe kwa API kabla ya kuachia mzigo. Na mrejesho mmoja unaweza kuja mara mbili, au ule wa pili ukafika kabla ya wa kwanza. Programu isishangae.

Wahasibu, sasa ni zamu yenu. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kusema ukweli wa mwisho juu ya pesa zilizotoka, nacho ni taarifa ya benki. Kila siku ya kazi, programu ichukue taarifa ya jana, ipange mistari yake mbele ya mistari ya daftari letu, na itoe mafungu: yaliyolingana, yaliyo kwetu lakini hayako benki, na yaliyo benki lakini hayako kwetu. Fungu hili la mwisho ndilo la kutisha. Maana yake kuna pesa zimetoka na sisi hatukuziagiza, au tuliziagiza na tumesahau. Lisomwe na mtu siku hiyohiyo, hata kama lina mstari mmoja wa shilingi hamsini.

Nitawapa kisa ili msidhani ni usumbufu wa kiofisi. Februari 2016, wezi waliokuwa wameingia kwenye mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh walituma kupitia SWIFT maagizo 35 kwenda Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York, ambako Bangladesh iliweka akiba yake. Jumla yake ilikaribia dola milioni 951. Kwa SWIFT, maagizo yale yalionekana halali: funguo sahihi, mtumaji sahihi. Matano yalipita. Dola milioni 81 zilikwenda tawi moja la benki huko Manila, na milioni 20 zilikwenda Sri Lanka. Zile za Sri Lanka ziliokolewa kwa sababu mwandishi wa agizo alikosea tahajia ya jina la taasisi inayolipwa, akaandika "fandation", na benki iliyokuwa njiani ikauliza.

Lakini angalieni walivyouficha wizi. Pale Dhaka, kila agizo na kila uthibitisho wa SWIFT ulichapishwa kwenye karatasi na printa iliyowashwa usiku kucha. Programu ya wezi iliivuruga printa na kufuta nyayo kwenye hifadhidata. Walituma Alhamisi usiku, na Bangladesh wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Wafanyakazi walipoiona printa imekwama walidhani ni ubovu wa kawaida. Dhaka walipoamka, New York ilikuwa Jumapili. Na Jumatatu yake, Manila walikuwa kwenye sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Wezi walikuwa wameisoma kalenda ya nchi tatu kuliko wenye pesa.

Mimi huchukua jambo moja hapo kwa ajili yetu: mashine inayotuma pesa isiwe ndiyo hiyohiyo pekee inayokuambia imetuma nini. Taarifa ya benki iletwe kwa njia nyingine, kwa funguo nyingine zenye ruhusa ya kusoma tu, na ikiwezekana kwenye mashine nyingine. Mvunja mlango wa kwanza asikute na daftari la pili mlemle. Funguo za kutuma zisikae ndani ya misimbo ya programu mnayopandisha kwenye hazina ya pamoja mtandaoni. Hili mmeshaambiwa mara nyingi, na bado mtu akipekua hazina hizo leo jioni atazikuta.

Ruhusa nayo ina kisa chake, na hiki hakina mwizi. Tarehe 11 Agosti 2020, Citibank ilikusudia kuwalipa waliokuwa wameikopesha kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya takriban dola milioni 7.8. Badala yake zikatoka karibu dola milioni 900, deni lote, kwa pesa za benki yenyewe. Watu watatu waliyapitisha malipo yale. Kwenye skrini ya programu yao kulikuwa na visanduku vitatu vilivyotakiwa kujazwa ili deni la msingi libaki ndani ya benki. Walijaza kimoja, na wote watatu waliamini kimetosha. Baadhi ya waliopokea walirudisha. Wengine, wakiwa wamekalia zaidi ya dola milioni 500, walikataa, na Februari 2021 jaji wa New York akawaambia wana haki ya kukaa nazo. Hukumu hiyo ilitenguliwa Septemba 2022 na mahakama ya rufaa, lakini fikirini hiyo miaka miwili ilivyokuwa kwa mtu aliyebonyeza.

Hapa kwetu sheria ya mwandaaji na mwidhinishaji inajulikana; kila mhasibu anaiheshimu. Ukileta API, jihadhari usiiue kwa bahati mbaya. Programu moja yenye ufunguo mmoja ni mwandaaji na mwidhinishaji kwa wakati mmoja. Uidhinishaji uurudishe kwenye mfumo wako mwenyewe, kabla ya kutuma, na skrini ya mwidhinishaji imwonyeshe mambo kwa lugha ya kibinadamu: watu 214 watalipwa, jumla ni hii, mwezi jana walikuwa watu 209 na jumla ilikuwa ile, hawa watano ni wapya, huyu mmoja akaunti yake imebadilika jana saa kumi jioni. Mstari huo wa akaunti iliyobadilika jana umeshaokoa watu wengi. Mtu akitaka kuiba mshahara wa mwenzake, hahitaji kuvunja benki. Hubadilisha namba moja kwenye faili ya wafanyakazi siku moja kabla.

Nimetaja namba, basi tuzungumzie namba. Faili za wafanyakazi huja kwenye Excel, na Excel ina tabia mbili zinazowaumiza walipaji. Namba ya akaunti ikianza na sifuri, huila sifuri hiyo, kwa kuwa inadhani ni kiasi. Na namba ikizidi tarakimu 15, hugeuza zinazofuata kuwa sifuri. Safu ya akaunti ifanywe maandishi kabla ya kuandikwa chochote. Ukichelewa, kilicholiwa hakirudi. Pesa zenyewe msizihifadhi kama desimali za kawaida za kompyuta, ambako 0.1 jumlisha 0.2 hutoa 0.3 yenye mkia wa vitakataka huko mwisho. Hifadhini senti kama namba kamili.

Ila hapo pana mtego wa Afrika Mashariki. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina senti mia moja kwenye ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu. Shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi, kwenye orodha hiyohiyo, hazina senti kabisa. Programu iliyozoea kuzidisha kila kiasi kwa mia kabla ya kutuma, siku kampuni ikifungua ofisi Kampala, italipa mara mia. Idadi ya desimali isomwe kutoka kwenye jedwali la sarafu, kila mara, hata kama leo mna sarafu moja.

Na kalenda. Seva nyingi huhesabu saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tuko saa tatu mbele. Malipo yaliyotumwa hapa tarehe mosi saa nane usiku, kwa seva ni saa tano usiku ya siku iliyopita, na siku iliyopita ni mwezi uliopita. Mhasibu anaweza kuona mishahara miwili Machi na hakuna hata mmoja Aprili. Kisha sikukuu: EFT na RTGS hufuata siku za kazi za benki, na vijana hupenda kuandika orodha ya sikukuu za mwaka mzima ndani ya programu mwezi wa Januari. Hapa Mombasa sihitaji kumweleza mtu kwamba Idd haiandikwi Januari. Mwezi ukionekana usiku, kesho benki zimefungwa, na programu yenu imeshapanga malipo ya asubuhi. Orodha ya sikukuu ikae mahali ambapo mhasibu anaweza kuibadilisha mwenyewe kwa simu, saa mbili usiku, bila kumwamsha mwandishi wa programu.

Nimeongea vya kutosha. Baada ya chai tutafungua mazingira ya majaribio, na kazi ninayowapa ni hii. Andikeni programu itume malipo ya shilingi mia moja. Weka kizuizi ili ombi lifike upande wa pili lakini jibu lisirudi. Kisha izimeni programu kabisa, kwa nguvu, kama umeme uliokatika. Iwasheni tena, muiache dakika kumi bila kuigusa. Wahasibu, mtakaa na kila kundi, mkiwa na taarifa ya akaunti ya majaribio mkononi, na mtahesabu shilingi mia ngapi zimetoka. Kundi ambalo ni moja tu iliyotoka, na daftari lao linasema hivyo bila mtu kulisahihisha, litatuonyesha sisi wengine lilivyofanya.